Kozi za Pamoja za Vyuo Vikuu: Tusome Kabla ya Kutia Sahihi

Somo letu la robo hii linahusu jambo linaloweza kuonekana ni la maprofesa peke yao. Ni fedha zinazotolewa kwa walimu wa vyuo vikuu ili watunge kozi za pamoja na wenzao wa nchi nyingine. Tumelichagua kwa sababu lilitufikia hapa Nyarugusu, na lilipotufikia lilitukuta hatujajiandaa.

Yaliyotupata

Miaka michache iliyopita mhadhiri wa chuo kikuu kimoja alituletea barua ya kumuunga mkono. Yeye na wenzake wa nchi mbili za nje walikuwa wakiandaa kozi kuhusu afya na mazingira ya wachimbaji wadogo. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi. Tulifurahi kukumbukwa, tukatia sahihi na kugonga mhuri.

Fedha zilipatikana. Wanafunzi walipofika ndipo tuliposoma vizuri barua yetu wenyewe. Tulikuwa tumeahidi gari, malazi na mkalimani wa Kisukuma kwa wiki tatu. Katika bajeti ya mradi hapakuwa na shilingi hata moja kwa ajili ya hayo. Mafuta ya gari yalitoka katika fungu la visima, na kijiji kimoja kilisubiri kisima chake msimu mzima zaidi.

Wanafunzi walipima maji ya mwaloni na kuchukua nywele za akina mama wanaochenjua dhahabu, kisha wakaondoka. Baada ya miezi kadhaa mama mmoja alituuliza kama nywele zake zilionyesha ugonjwa wowote, kwa sababu alikuwa na mimba. Hatukuwa na la kumjibu. Hatuwezi kumlaumu mhadhiri peke yake. Sahihi ilikuwa yetu.

Kwa nini kozi hizi zinatuhusu

Katika mialo yetu mchanga uliosagwa kwenye makarasha huchanganywa na zebaki ili kukamata dhahabu. Kisha donge huchomwa. Zebaki hugeuka mvuke, na anayechoma huuvuta pamoja na watoto walio karibu. Inayobaki huingia katika udongo na maji. Huko vijidudu huibadilisha kuwa aina yenye sumu kali zaidi inayokusanyika katika samaki. Sumu hiyo hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni yuko hatarini kuliko wote.

Ulimwengu ulijifunza hayo kwa uchungu huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa zebaki unaoitwa kwa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tatizo hili linahitaji daktari, mjiolojia, mkemia, mwanasheria na mchumi. Ni nadra chuo kimoja kuwa na wote hao. Kwa hiyo kozi inayofundishwa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbili au tatu ina faida ya kweli, mradi mwenye mwalo naye apate sehemu yake. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Si jambo geni kwetu

Kati ya mwaka 1963 na 1970 nchi zetu tatu zilikuwa na chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Vijana walivuka mipaka kusoma: sheria Dar es Salaam, uhandisi Nairobi, udaktari Makerere. Chuo hicho kilipovunjwa, ushirikiano haukufa. Leo kuna Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala. Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi wa Jumuiya walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu, ili masomo ya nchi moja yatambuliwe katika nchi nyingine.

Fedha zinatoka wapi?

Tunataja mifano mitatu tu, ili msomaji aone tofauti zake.

*Fedha za kubuni kozi.* Umoja wa Ulaya, katika mpango wa Erasmus+ wa 2021–2027, hutoa euro 60,000 kwa mkupuo kwa chuo kinachotaka kubuni shahada ya uzamili ya pamoja. Kazi hiyo hupewa miezi 15. Fedha hizi ni za kukutana, kuandika mtaala na kukubaliana taratibu. Hazilipi ada wala posho za wanafunzi.

*Fedha za kuendesha shahada.* Shahada za uzamili za Erasmus Mundus huendeshwa na vyuo visivyopungua vitatu kutoka nchi tatu tofauti, na angalau viwili kati ya hivyo viwe vya nchi zinazoshiriki kikamilifu katika mpango huo. Hapa ndipo zinapopatikana fedha za kuwasomesha wanafunzi.

*Fedha za kujenga uwezo wa vyuo.* Mpango huohuo una fungu la kuimarisha vyuo vya nchi kama yetu, na chuo cha Tanzania kinaweza kuwa kiongozi wa mradi, si mfuasi tu. Norway nayo ina mpango wa NORHED, ambao awamu yake ya pili ilianza mwaka 2021. Huo huunganisha vyuo vya Norway na vya nchi zinazoendelea katika kufundisha na kutafiti.

Kosa la kawaida ni kuomba fungu la kwanza huku tukiota matunda ya fungu la pili.

Mambo matano ya kukubaliana kabla ya sahihi

1. *Swali linatoka kwa nani?* Kozi ikitungwa Ulaya kisha ikatafutiwa kijiji, kijiji kitakuwa mfano ubaoni tu. Mhadhiri na akae kwanza na wachimbaji, akina mama wa mwaloni, mganga wa zahanati na viongozi wa kata. Awaulize wanachotaka kujua. Hapa kwetu wengi waliuliza jambo moja: nitachomaje dhahabu bila kumdhuru mtoto na bila kupata hasara?

2. *Krediti zinahesabiwaje?* Kwetu krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja ni krediti 120. Ulaya krediti moja ni saa 25 hadi 30, na mwaka ni krediti 60. Tuchukue kozi ya krediti 5 za Ulaya. Kwa hesabu ya mwaka, hiyo ni sawa na krediti 10 za kwetu. Kwa hesabu ya saa, ni saa 125 hadi 150, yaani krediti 12.5 hadi 15. Lisipoamuliwa mapema, mwanafunzi wa Tanzania atafanya kazi ya saa 150 na kuandikiwa saa 100.

3. *Nani analipwa nini?* Andikeni kila kitu: saa za mhadhiri, intaneti, mafuta, mkalimani, chai ya kikao. Kama dayosisi inatoa gari, gari liwe na mstari wake katika bajeti. Msiseme "tutaona huko mbele". Mali bila daftari huisha bila habari.

4. *Vibali viko wapi?* Programu mpya ya shahada hupita katika seneti ya chuo na kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mtafiti wa kigeni anahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya unaogusa miili ya watu, hata kama ni unywele mmoja, unahitaji idhini ya maadili, mfano ile inayotolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ombeni kuona nakala. Anayetolewa sampuli aelezwe kwa lugha anayoielewa, naye awe na haki ya kukataa.

5. *Majibu yatarudi lini na kwa njia gani?* Tarehe iandikwe katika mkataba. Fedha za safari ya kurudisha majibu ziwe katika bajeti tangu mwanzo. Majibu ya mtu binafsi apewe yeye mwenyewe, mbele ya mhudumu wa afya anayeweza kumshauri. Majibu ya jumla yasomwe katika mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili na Kisukuma.

Tunavyofanya sasa

Baada ya aibu ile tuliandika utaratibu wa ukurasa mmoja. Barua ya kuunga mkono haitolewi chini ya siku 21 tangu ombi kufika. Husomwa na mhasibu, mratibu wa afya na wawakilishi wawili wa eneo linalotajwa. Tulimwandikia pia yule mhadhiri. Alikuja, akaketi nasi, akakiri kwamba mradi wake haukuwa na fedha za kurudi. Majibu aliyokuwa nayo yalikuwa ya jumla tu. Majina na namba za sampuli vilibaki nje ya nchi. Mama yule amekwisha kujifungua, na bado hana jibu lake. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

Hatusemi tuwafungie wasomi milango. Vijana wa Geita na Shinyanga wanahitaji kozi hizi, na baadhi yao watakuwa ndio wahadhiri wa kesho. Tunachosema ni kwamba aliye mwaloni naye ni mshirika, na mshirika husoma mkataba.

Maswali ya majadiliano

1. Je, katika eneo lenu watafiti au wanafunzi wamewahi kuja? Majibu yalirudi?
2. Taasisi yenu ikiletewa barua leo, nani ataisoma kabla ya sahihi?
3. Kama mngepewa nafasi ya kupendekeza somo moja katika kozi ya chuo kikuu, mngependekeza lipi, na nani kijijini angeweza kulifundisha?
4. Mhadhiri akija na fedha za kubuni kozi tu, mtamwambia nini mwananchi anayetarajia msaada wa haraka?

Jadilini katika vikundi vyenu na mtuandikie mliyoyaona. Tutayatumia kuboresha utaratibu wetu.