Doa jeusi unyayoni na mtoki kinenani: hatua za kufuata

Kwa watu weusi, melanoma, aina ya saratani ya ngozi, mara nyingi huota pale jua lisipofika: unyayoni, kisiginoni, chini ya ukucha. Bob Marley, aliyefariki 1981, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba au wa mpunga wa Ndungu, wilayani Same, huliona doa kama hilo akadhani ni mwiba wa zamani. Akienda hospitali, mtoki, yaani tezi iliyovimba, umeshatokeza.

Hatua ya 1: Jikague. Osha miguu, kaa mlangoni penye mwanga. Tafuta doa lenye kingo zisizoeleweka, lenye rangi mbili tatu, linalozidi kupanuka, kidonda kisichopona, au mstari mweusi ukuchani uliovuka hadi kwenye ngozi ya pembeni. Kisha papasa kinena na nyuma ya goti. Mtoki wa kidonda cha kawaida huuma, na kidonda kikipona nao hunywea. Ule mgumu, usiouma na unaokua, mtajie daktari hata asipouliza. Usilikwangue doa kwa wembe wala kulipaka dawa ya kuunguza. Ukishaliunguza, maabara itakosa cha kupima.

Hatua ya 2: Omba rufaa. Anzia zahanati au hospitali ya wilaya pale Same, uondoke na barua ya kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, kilomita zipatazo 100 kwa barabara. Hapo kuna kituo cha kufundishia magonjwa ya ngozi tangu 1992.

Hatua ya 3: Kinyama cha doa kwanza. Unachomwa ganzi. Doa dogo hutolewa lote. Kubwa hukatwa kipande pale palipo nene. Kinyama hutiwa kwenye kichupa chenye formalini. Hakikisha kimeandikwa jina lako kabla hakijaondoka chumbani.

Majibu yakitoka, usiridhike na neno "saratani". Uliza: unene wake ni milimita ngapi, na juu yake pamechubuka kuwa kidonda? Kipimo hicho cha unene huitwa Breslow, na ndicho kinachoamua hatua inayofuata. Chini ya milimita 0.8 bila kidonda, kwa kawaida tezi haziguswi. Ukizidi 1, suala la tezi lazima lizungumzwe. Zaidi ya 4 ni nene sana.

Hatua ya 4: Tezi. Kama mtoki unapapasika, huanza sindano nyembamba ya kufyonza chembe, kazi ya dakika chache. Kama haupapasiki, kuna kipimo cha tezi mlinzi, alichokieleza daktari wa upasuaji Donald Morton na wenzake 1992. Rangi ya buluu hudungwa kandokando ya doa. Tezi ya kwanza kuinywa hutolewa kwa mkato mdogo. Hufanywa siku ileile mahali pa doa panapokatwa tena kwa upana, hivyo uliza mapema kama hospitali inakifanya. Ukiona haja ndogo ya kijani siku moja mbili, usishtuke, ni ile rangi.

Kipimo hiki hakiponyi. Kinaonyesha ugonjwa umefika wapi. Utafiti mkubwa uliotolewa 2017 ulionyesha kwamba tezi mlinzi ikikutwa na saratani, kuondoa tezi zote zilizobaki hakukuongeza maisha kuliko kuzifuatilia kwa ultrasaundi. Na mguu ulioondolewa tezi zote unaweza kuvimba kwa miaka. Mtoki unaopapasika ni habari nyingine. Huo kwa kawaida huondolewa pamoja na wenzake.

Hatua ya 5: Uliza mbele kukoje. Uje na ndugu asiyeogopa kuuliza. Ugonjwa uliofika kwenye tezi huitwa hatua ya tatu ya saratani, lakini ndani yake mna tofauti kubwa: katika takwimu za vituo vya Marekani, Ulaya na Australia, kundi jepesi watu 93 kati ya 100 hawakuuawa na melanoma ndani ya miaka mitano; kundi zito, 32 tu. Mgonjwa anayefika na doa nene na mtoki mkubwa asijipimie kwa ile 93. Daktari anayekupa namba bila kutaja unene na idadi ya tezi, mrudishe kwenye karatasi ya maabara. Nakala yake ibaki nyumbani, uende nayo kila kliniki. Na kila kliniki ukaguliwe kovu, kinena na unyayo wa pili.