Kuhakiki Mchezo wa Useremala: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mchezo wa Woodcraft ulitoka mwaka 2022, kazi ya Vladimír Suchý na Ross Arnold, ukachapishwa na Delicious Games ya Jamhuri ya Cheki. Humo dadu ni mbao: rangi ni aina ya mti, namba ni ukubwa wa kipande. Unakata kwa msumeno, unaunganisha kwa gundi, unapanda mti kwenye chungu na kuungoja ukue, kisha unakamilisha kazi za wateja. Ni mchezo mzito kidogo, wa mtu 1 hadi 4. Michezo ya namna hii huhakikiwa ovyo na watu waliokaa nayo jioni moja. Msomaji anaamini, anatuma pesa, sanduku linasafiri kwenye begi la jamaa anayerudi nyumbani, linafunguliwa mara moja, kisha linapanda juu ya kabati hadi leo. Hasara hiyo haina sababu ya kutokea. Soma haya kabla hujashika kalamu.

KABLA HUJAANDIKA

Fanya

Soma kitabu cha kanuni mwenyewe, chote. Ukifundishwa na rafiki, utahakiki kanuni za rafiki yako. Mhakiki mmoja alilalamika kwamba wateja wa mchezo huu wanadai vipande vidogo ilhali yeye alikuwa na sita tupu mkononi. Hakugusa msumeno tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyemfundisha alisahau kumwambia upo.

Cheza kwa idadi tofauti ya watu. Kwenye Woodcraft, kitendo ambacho hakijachaguliwa huongezewa zawadi, na kadiri kinavyoachwa ndivyo kinavyonona. Mkiwa wawili, unaweza kukisubiri kinone na ukakipata. Mkiwa wanne, kabla zamu haijakurudia kimeshachukuliwa. Hayo ni maamuzi mawili tofauti kabisa. Anayeandika baada ya kucheza na mkewe tu aseme hivyo, kwa herufi zinazosomeka.

Pima muda kuanzia sanduku linapofunguliwa hadi kipande cha mwisho kinaporudishwa. Muda ulioandikwa kwenye sanduku hauhesabu kupanga meza, wala shemeji anayetaka aelezwe tena.

Usifanye

Usihakiki baada ya mchezo wa kwanza. Mchezo wa kwanza unajifunza alama, huchezi. Unachokiita "kuchanganya" huenda ni ugeni wako tu.

Usihakiki kwa kutazama video. Video haikuchoshi, haikushindi, wala haikupi dadu mbaya.

Usikimbizane na Essen. Kila mwaka mamia ya michezo huzinduliwa kwenye maonyesho yale ya Ujerumani, na wahakiki hushindana nani atatangulia. Msomaji wako Mombasa au Mwanza hana haraka hiyo. Mchezo utamfikia baada ya miezi. Anachotaka ni aliyecheza vizuri, aliyecheza kwanza hamsaidii kitu.

KUHUSU DADU

Hapa ndipo maovu mengi yanapofanyika.

Fanya

Hesabu. Huhitaji shahada. Chukua The Castles of Burgundy wa Stefan Feld, wa mwaka 2011. Kila raundi unarusha dadu zako mbili. Unataka 4. Bila msaada wowote, utaipata kwenye dadu angalau moja mara 11 kati ya 36. Ukiwa na kigae kimoja cha mfanyakazi, ambacho hupandisha au kushusha dadu kwa 1, unafika mara 27 kati ya 36. Ukiwa na viwili, mara 35 kati ya 36. Tena dadu usiyoitaka unaweza kuitoa ukapewa wafanyakazi wawili. Sasa yule anayeandika kwamba mchezo huo "ni bahati tu" aliketi meza gani? Ukiutazama ubao wake utakuta wafanyakazi wanne wamelala, naye ananung'unikia dadu.

Sema dadu inarushwa lini. Hili ndilo swali kubwa kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi. Kwenye Risk unatangaza shambulio kwanza, dadu zinaamua baadaye: umeshajitosa, sasa omba. Kwenye Burgundy dadu zinarushwa kwanza, unaziona, ndipo unaamua ufanye nini nazo. Ludo nayo hurusha kwanza, lakini ukibakiwa na kete moja tu huna la kuamua. Michezo hii mitatu yote ina dadu, na ugumu wa kila mmoja uko mahali pake. Msomaji aliyekulia kwenye ludo akisikia neno dadu, atafikiri anajua. Mwambie kwamba hapa hajui bado.

Eleza kanuni ya ukingo. Je, 6 inaweza kugeuka 1? Kwenye Burgundy inaweza. Kwenye Sagrada, mchezo wa mwaka 2017 wa Adrian Adamescu na Daryl Andrews, koleo la kubania kioo huongeza au kupunguza 1, lakini 6 haiwi 1 wala 1 haiwi 6. Matokeo yake, mwenye koleo anayetafuta 3 husaidiwa na nyuso tatu za dadu, na anayetafuta 6 husaidiwa na mbili. Sentensi moja tu. Ukiiacha, msomaji atanunua mchezo asioujua.

Onyesha mfano mmoja kwa namba. Usiseme "unaweza kukata mbao". Mchukue msomaji hadi mezani: ubao wa 6 unakatika kuwa 1 na 5, au 2 na 4, au 3 na 3. Ubao wa 5 una njia mbili: 1 na 4, au 2 na 3. Wa 4 nao mbili. Wa 3 na wa 2 zina njia moja moja. Wa 1 haukatiki. Papo hapo ameelewa kwamba ubao mkubwa thamani yake ni uhuru: mteja yeyote akija, huenda ndani yake kuna kipande chake. Na ameelewa maumivu pia, kwa kuwa ukishaikata 6, 6 haipo tena. Akitokea wa kutaka kipande kizima, unarudi kwenye gundi au unaondoka mikono mitupu.

Taja gharama ya kila zana. Kwenye Sagrada anayetumia zana kwanza hulipa kijiwe 1 cha malipo, wanaofuata hulipa 2. Anayesubiri analipa zaidi. Zana isiyo na bei haina uamuzi ndani yake.

Usifanye

Usiandike neno "bahati" bila kusema iko wapi. Iko kwenye kurusha? Kwenye kadi za wateja zinazofunuliwa? Kwenye jirani aliyechukua kitendo ulichokipigia hesabu? Huyo wa mwisho si bahati, ni mpinzani wako.

Usilipize kisasi kwa kalamu. Ukishindwa, lala kwanza.

Usisifu wingi wa zana. Wanaoanza wanadhani kadiri dadu inavyobadilika ndivyo mchezo unavyokuwa bora. Si kweli. Dadu yoyote ikiweza kuwa namba yoyote bila jasho, kwa nini tulirusha? Rudi kwenye zile 35 kati ya 36. Zinapendeza kwa sababu wafanyakazi wale wawili wamekugharimu zamu. Wangekuwa wa bure, Burgundy ungekuwa kazi ya kupanga vigae na usiku mwema. Uliza kila mara: dadu bado inauma? Kama haiumi, andika hivyo, hata kama mchezo unapendwa na watu wote unaowaheshimu.

KUHUSU USEREMALA WENYEWE

Fanya

Pima kama kitendo kinafanana na kazi. Kwenye Burgundy, kwa nini mfanyakazi aongeze namba ya dadu? Hakuna anayejua, na hakuna anayeuliza. Kwenye Woodcraft namba ni ukubwa wa mbao, hivyo kuikata, kuiunganisha na kuikuza vina sababu. Mchezaji mgeni akishaambiwa "hii ni mbao", nusu ya kanuni zimeingia zenyewe. Hiyo ndiyo sifa halisi ya maudhui kwenye mchezo: yanapunguza mzigo wa kukumbuka.

Mkalishe fundi mezani, ukimpata. Fundi wa mtaa wa Keko, Dar es Salaam, atauliza jambo ambalo wewe hutaliuliza: mbona 6 ikikatwa inatoa 2 na 4 kamili, unga wa msumeno umekwenda wapi? Kila msumeno hula mbao kidogo, na fundi anayesahau hilo hukosa kipande cha mwisho. Ataongeza kwamba gundi hubanwa kwa klampu hadi kesho yake, hapa inashika papo kwa papo. Yuko sahihi kote kuwili. Waliobuni mchezo wameamua hesabu iwe nyepesi, na wameamua vyema. Andika vyote viwili: pale mchezo unapofuata karakana, na pale unapoiacha ili zamu isichelewe.

Usifanye

Usiandike "utajisikia seremala". Hakuna aliyechomwa na kibanzi akicheza mchezo wa ubao.

Usichanganye mbao za sanduku na maudhui ya mbao. Kete nzuri za mti zinapendeza mkononi, hazibadilishi uamuzi wowote.

Usimalize ukurasa ukicheka kwamba fedha ya mchezo ni bluberi. Ndiyo, unalipia kwa matunda ya porini. Taja, endelea.

MEZA NA MACHO

Fanya

Cheza usiku, chini ya taa ya sebuleni ya njano. Aina za mbao zinatofautishwa kwa rangi ya dadu, na rangi zinazoonekana wazi saa sita mchana zinaweza kukaribiana saa tatu usiku. Kuna watu wasiotofautisha rangi vizuri, hasa wanaume. Kama yumo mmoja kwenye kundi lako, mpe dadu na umuulize.

Sema ni maneno mangapi ya Kiingereza mchezaji anahitaji wakati anacheza. Wasomaji wako wanacheza na wazazi na watoto. Kitabu cha kanuni kwa Kiingereza kinahitaji msomaji mmoja, kadi zenye maandishi ya Kiingereza zinahitaji wote wanne.

Usifanye

Usijifiche nyuma ya kipimo. Tovuti ya BoardGameGeek hupima uzito wa mchezo kwa 1 hadi 5. Msomaji aliyecheza bao, drafti na karata hajui 3.5 ni kitu gani. Mwambie ana mambo mangapi ya kuamua kwa zamu moja, na atayakumbuka bila kitabu lini.

PESA

Fanya

Tangaza kwenye aya ya kwanza kama sanduku ulipewa bure. Si aibu kupewa. Aibu ni msomaji kujua baadaye, kutoka kwa mwingine.

Andika bei hadi mlangoni: mchezo, usafiri, ushuru. Bei ya dukani Ujerumani haimhusu mtu wa Dodoma.

Usifanye

Usihakiki vifaa vya sampuli. Mchezo unaochangiwa pesa kabla ya kuchapishwa hutumwa kwa wahakiki ukiwa na karatasi za muda na dadu za kuazima. Kusifu unene wa kadi ambazo bado hazijachapishwa ni kupiga chapuo, na ni uongo.

Usimpe mchapishaji asome kabla hujatoa. Akusahihishie jina la mbunifu na mwaka, basi. Hukumu si yake.

HUKUMU

Fanya

Sema nani anunue na nani asinunue, kwa kumtaja alivyo. "Unawafaa wapenzi wa mikakati" haimaanishi kitu. "Unamfaa anayecheza mchezo uleule kila Jumamosi na watu walewale watatu" inamaanisha.

Taja mchezo mwingine wa bei nafuu au mwepesi zaidi unaofanya kazi iyo hiyo. Mhakiki asiye na mbadala hajacheza vya kutosha.

Usifanye

Usitoe 8 kati ya 10 kwa kila kitu. Ukitoa 8 kwa wote, umekaa kimya.

Usiogope kusema mchezo mzuri hamfai mtu fulani. Mimi nasema: Woodcraft ni mchezo mzuri, na dadu zake zimetumika kwa akili kuliko michezo mingi ya aina yake, maana zimekoma kuwa kura, zimekuwa malighafi. Nunua kama una kundi la kudumu, meza kubwa na jioni nzima. Kama nyumbani wanacheza ludo na mnataka hatua ya kwanza, anza na Sagrada. Kama huna watu wa kucheza nao, au hujui watakuja lini, usinunue mwaka huu.