Dawa ya Mbu Ukutani

SWALI: Mabwana afya wametupulizia dawa kutani hapa Unguja, walakini mbu wangali wakituuma mchana. Je, ina faida gani? Nami naweza kupaka chokaa kuficha madoa yake?

JIBU: Ama dawa hiyo, ndugu msomaji, haikukusudiwa kila mbu, bali anofelesi aenezaye malaria, ambaye aghalabu huuma usiku na, akiisha kushiba damu, hutua ukutani kupumzika, na hapo ndipo sumu humwingia kwa miguu. Wale wa mchana yamkini ni aedesi, weusi wenye mabaka meupe, wazaliao katika mitungi, vifuu na mipira mikuukuu ya magari, nao huweza kuleta homa ya dengi. Hao dawa yao kwanza ni kumwaga maji yaliyotuama. Chokaa usipake asilani, kwani huifunika sumu; yastahimili madoa miezi michache. Na faida ya kupulizia ilikwisha kuonekana zamani: visiwa hivi vilipuliziwa dawa ya DDT tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi 1968, malaria ikapungua mno, kisha kazi ikaachwa, nayo maradhi yakarejea. Na ule moshi wa dawa ya mbu upulizwao barabarani, ambao watu huushangilia kupita kiasi, huua tu mbu arukaye saa ile.