Chaneli Moja ya Amplifaya Imenyamaza: Tutafuteje Tatizo?

Somo letu la toleo hili ni kwa ajili ya vikundi vya kwaya na vijana wanaotumia gitaa. Huku Kilosa na Mikumi kikundi huchanga fedha kwa muda mrefu ili kupata amplifaya moja. Wengine hulima mahindi ya pamoja, wengine huuza maandazi. Siku chaneli moja inapokufa, wazo la kwanza huwa ni kuipakia kwenye basi kwenda kwa fundi Morogoro mjini. Hapo kuna nauli ya mtu, nauli ya mzigo na malipo ya fundi, na mara nyingine amplifaya yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote: kilichokatika ni waya wa gitaa. Tunataka kikundi kijue tatizo liko wapi kabla hakijatoa hata shilingi.

Mkoa wetu ni mkoa wa magitaa tangu enzi za Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Si vibaya tukiujua na upande wa ufundi.

Kwanza usalama

Mwaka 1972 Leslie Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alipigwa na umeme jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi sahihi. Alikufa. Nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya kupitia waya. Mpigaji anayeimba huku ameshika nyuzi na mdomo uko kwenye maikrofoni anaviunganisha vyombo viwili kwa mwili wake mwenyewe. Kimoja kikiwa na hitilafu na hakina ethi, umeme wa volti 230 unapita kwake.

Kwa hiyo ile tabia ya kukata plagi ya pini tatu na kuchomeka nyaya mbili kwa njiti za kiberiti iachwe leo. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ndio ethi, na haukuwekwa pale kwa urembo. Mwimbaji akisikia midomo inachonyota, zimeni vyombo vyote, chomoeni, na msiendelee mpaka fundi umeme aangalie.

Njia mbili zinazokutana

Amplifaya nyingi za gitaa zina chaneli mbili: ya sauti safi na ya distoshoni. Kila chaneli ina sehemu yake ya mwanzo ya kukuza sauti na nobu zake. Mbele kidogo njia hizo hukutana, na kuanzia hapo vyote ni vya pamoja: sehemu ya nguvu, spika na chanzo cha umeme.

Ukishika jambo hili umepata nusu ya ufundi. Chaneli moja ikiwa inalia vizuri, basi fyuzi ni nzima, spika ni nzima, na sehemu ya nguvu ni nzima. Usimruhusu mtu akuuzie spika mpya. Tatizo liko kwenye njia ya ile chaneli iliyonyamaza, au kwenye swichi inayochagua chaneli. Zikinyamaza zote mbili, ndipo uangalie vya pamoja, ukianzia na waya wa gitaa na gitaa lenyewe.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukibadilisha waya, gitaa na tundu kwa pamoja na sauti ikarudi, hutajua kilichokuwa kibovu, na Jumapili ijayo utakitumia tena. Anza na waya mwingine unaojua ni mzima. Kisha gitaa jingine. Kisha tundu jingine la kuingizia, kama lipo. Hapa wengi hudanganyika: kwenye amplifaya zenye matundu mawili, moja mara nyingi limetengenezwa makusudi liwe na sauti ndogo, kwa ajili ya gitaa lenye nguvu nyingi. Hilo si bovu.

Chaneli yenyewe

Angalia nobu zote za chaneli iliyonyamaza. Chaneli ya distoshoni huwa na nobu mbili, moja ya kiasi cha kukwaruza na nyingine ya sauti, na moja ikiwa kwenye sifuri hutasikia kitu. Tunalisema hili bila aibu, kwa maana hutokea kila mahali watoto wanapopita karibu na vyombo.

Pili, chomoa swichi ya mguu. Katika amplifaya nyingi, swichi ya mguu ikichomekwa, kitufe cha mbele hakifanyi kazi tena. Waya wake ukiwa umekatika, na hukatika kwa sababu unakanyagwa, amplifaya inabaki kwenye chaneli moja hata ubonyeze vipi. Ichomoe, kisha bonyeza kitufe cha mbele. Chaneli ikirudi, kinachohitaji matengenezo ni ule waya.

Sauti ikiwa inakuja na kupotea kwenye chaneli zote mbili, geukia nyuma. Kama kuna matundu mawili yaliyoandikwa SEND na RETURN, ni ya kuunganishia vifaa vya efekti. Ndani ya tundu la RETURN mara nyingi kuna kibati kidogo kinachopitisha sauti wakati hakuna kilichochomekwa. Kibati hicho kikishika vumbi au kutu, sauti inakatika humo. Chukua waya mfupi wa gitaa, unganisha SEND na RETURN. Sauti ikirudi imara, umempata mwizi. Unaweza kupiga ibada nzima ukiwa na waya huo pale nyuma, na kusafisha baadaye.

Kukwaruza unapozungusha nobu ni uchafu. Vumbi la kiangazi na unyevu wa masika kwetu havikosekani. Chomoa umeme, puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kidogo tu kwenye upenyo wa nobu, zungusha mwanzo hadi mwisho mara 20, acha ikauke. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala mafuta ya kupikia. Jeki nazo zichomekwe na kuchomolewa mara kadhaa.

Kuna ugonjwa mwingine unaowachanganya watu: chaneli inabadilika vizuri asubuhi, jioni inakataa. Baadhi ya amplifaya hubadilisha chaneli kwa relei, na relei inahitaji umeme wa kutosha ili ishike. Jioni kila nyumba imewasha, au jenereta imechoka, umeme unashuka. Mwenye mita aupime saa hiyo hiyo. Ukiwa chini sana ya 230, usifungue amplifaya.

Safari na maji

Amplifaya inayotoka Kilosa kwenda Mikumi kupitia Ulaya (ile ya kwetu, si ya Wazungu) ikiwa nyuma ya pikapu hutikisika njia nzima, na risasi iliyoshika matundu ya jeki hupasuka. Dalili yake ni hii: ukisukuma jeki pembeni sauti inarudi, ukiachia inapotea, hata kwa waya mzima. Isafirishe juu ya godoro au gunia la pumba.

Waliopatwa na mafuriko ya Mkondoa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 wanajua maji yanavyoingia ndani ya nyumba. Chombo kilicholowa kisiwashwe kujaribu. Fundi akifungue, akisafishe matope na kukikausha kabisa kwanza.

Kumpelekea fundi

Kufungua ndani si kazi ya kwaya. Amplifaya za vali za kioo zina volti 400 na zaidi ndani, na umeme huo hubaki hata baada ya kuchomoa. Mpelekeeni fundi karatasi iliyoandikwa: chaneli ipi imekufa, mmebadilisha nini, swichi ya mguu ilikuwepo au haikuwepo, waya wa SEND na RETURN ulileta nini. Atatumia muda mfupi, na bei yake mtaweza kuijadili. Akibadilisha kifaa, mwombeni awarudishie kile cha zamani.