SOMO: KUMUUGUZA MWENZI KWA SALA NA KWA DAWA



Somo la leo linahusu jambo lililoingia katika nyumba nyingi za Shinyanga, Kahama na Geita. Baba anakwenda machimboni akiwa na nguvu zake. Anashuka duarani, anapasua mwamba, au anafanya kazi kwenye makarasha, mahali mawe yanaposagwa. Baada ya miaka anarudi nyumbani anakohoa. Amekonda, na usiku analowa jasho. Tangu siku hiyo mke wake ni mkulima, ni mama, tena ni muuguzi. Kama ni Mkristo, anajiuliza: Nisali tu? Niende hospitali? Nitumaini nini?

1. Tuujue ugonjwa

Wachimbaji hupata magonjwa mawili ya mapafu yanayofanana. Wa kwanza ni kifua kikuu, yaani TB. Huu huletwa na kijidudu. Daktari Robert Koch wa Ujerumani alitangaza kukigundua tarehe 24 Machi 1882. TB inatibika.

Wa pili ni silikosisi. Huu huletwa na vumbi laini la mawe. Vumbi hilo huingia kifuani likaacha makovu kwenye mapafu, na hakuna dawa ya kuyaondoa makovu hayo. Tena, mapafu yenye vumbi hushikwa na TB kwa urahisi. Kwa hiyo mchimbaji anaweza kuwa na magonjwa yote mawili.

Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, apelekwe kituo cha afya akapimwe makohozi. Watu wa nyumbani nao wapimwe, hasa watoto wadogo. Madirisha yafunguliwe hewa ipite. Na tusimtafute mchawi. Tuhuma za namna hiyo zimewaua vikongwe wengi wasio na hatia katika mikoa yetu.

2. Sala na dawa si maadui

Soma Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 20. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Alisali akilia. Nabii Isaya akamletea habari kwamba Mungu amemsikia na atapona. Je, baada ya hapo Isaya alikwenda zake? Hapana. Aliagiza ziletwe tini, zikabandikwa kwenye jipu. Ahadi ilitoka kwa Mungu, na dawa ikatoka mtini.

Ndiyo maana makanisa yetu yalijenga hospitali. Ipo Kolandoto ya AIC, karibu na mji wa Shinyanga. Ipo Bugando ya Wakatoliki kule Mwanza, iliyofunguliwa mwaka 1971. Waliozijenga walikuwa watu wa sala.

Hatari ipo kwa anayetenganisha mambo haya mawili. Mwaka 2011 watu wengi sana walisafiri mpaka Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila kwa shilingi 500. Kutaka kupona si kosa. Lakini wapo walioacha vidonge vyao wakiamini wamekwisha pona, na hali zao zikawa mbaya.

Dawa za TB hutolewa bure. Kwa TB ya kawaida hunywewa kwa miezi sita. Mgonjwa huchagua mtu wa kumsimamia nyumbani, na mara nyingi mtu huyo ni mke au mume. Kazi ngumu huanza pale mgonjwa anapopata nafuu. Tuseme mazungumzo ni haya:

“Baba watoto, dawa hii hapa.”

“Leo niache bwana. Mbona kifua kimepoa? Juzi kwenye maombi wamesema nimeshapona.”

“Kama umepona tutamshukuru Mungu. Lakini daktari kasema miezi sita, na sisi hata mitatu hatujafika. Kunywa kwanza, halafu tusali.”

Mama huyu hakubishana na maombi. Alijua kwamba kijidudu kisipokufa chote hurudi kikiwa sugu, na dawa za kwanza hazikiwezi tena. Kidonge alichomshikisha mumewe ni sehemu ya sala yake.

3. Tumaini lisiwe uongo

Wengine hudhani kumtia mgonjwa moyo ni kumwambia, “Hujambo, kesho utarudi duarani.” Mgonjwa mwenyewe anajua kifua chake. Ukimdanganya, unamwacha peke yake na hofu yake.

Mwenye TB mwambie kweli: huu unapona, tumalize dawa. Mwenye silikosisi naye mwambie kweli: makovu yatabaki, lakini ukiliacha vumbi, unalinda mapafu yaliyosalia. Hapo tutumaini nini? Tutumaini siku za kukaa na watoto, kazi nyepesi ya kufuga kuku au kuuza duka, na kwamba Mungu hamwachi mtu kwa sababu hana nguvu. Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe. Haukuondolewa, na imani yake haikufa.

4. Mzigo ubebwe na wengi

Katika Injili ya Marko, sura ya 2, mtu aliyepooza alibebwa na watu wanne. Mtu mmoja asingeweza kumpandisha darini. Basi mke naye asiachwe abebe peke yake. Wasukuma tangu zamani tunajua kulima kwa pamoja, vijana wakiongozwa na nsumba ntale. Jumuiya na kwaya zifanye hivyo hivyo. Mmoja apalilie pamba, mwingine achote maji, mwingine akae na mgonjwa ili mama alale. Kumwambia “pole, mayu, tunakuombea” na kuondoka hakutoshi.

Wewe unayeuguza, usione aibu kuomba msaada. Ukichoka, sema. Ukilia, hujakosa imani. Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro.

5. Kama hakupona

Wapo wanaosali vizuri, wanaomaliza dawa, na bado wanafiwa. Asiwepo mtu wa kumwambia mjane kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Imani yake ilionekana katika uji aliopika, mashuka aliyofua na usiku aliokesha. Mkristo anatumaini ufufuo, na tumaini hilo haliishii kaburini.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. TB na silikosisi zinatofautianaje?
2. Kwa nini mgonjwa asiache dawa akipata nafuu?
3. Isaya alifanya nini baada ya kumletea Hezekia ahadi ya Mungu?
4. Katika kijiji chako ni nani anayeuguza mwenzi wake? Wiki hii mtamsaidia kazi gani?