Kufundisha Ziwa na Hewa kwa Karai na Picha

Mwalimu aliyepangiwa Rungwa, mkoani Singida, hana ziwa karibu na shule yake. Hata hivyo, maji ya Mto Rungwa huishia Ziwa Rukwa, na ziwa hilo halina mto unaotoka ndani yake. Basi maji hayo huenda wapi? Swali hili na liulizwe kabla ya maelezo yoyote. Jibu likitangulia ubaoni, wanafunzi watakariri tu.

Madhumuni: Wanafunzi waeleze, kwa vipimo vyao wenyewe, jinsi ziwa linavyoipa hewa maji na jinsi hewa inavyoyarudisha.

Zana: Makarai mawili yanayolingana, rula, daftari, na picha za Ziwa Rukwa za miaka mbalimbali zilizopigwa na setilaiti. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikiipiga picha dunia tangu 1972.

Hatua ya kwanza: Wakati wa kiangazi, makarai yatiwe maji ya kimo kimoja. Moja liwekwe juani penye upepo, la pili kivulini. Yazungushiwe miiba ili mbuzi na kuku wasiyanywe. Kimo kipimwe kila siku saa 2 asubuhi kwa muda wa siku 7.

Hatua ya pili: Wanafunzi wakokotoe. Milimita 1 ya maji ikipungua katika mita 1 ya mraba ni lita 1. Katika kilomita 1 ya mraba ni lita 1,000,000. Waelezwe pia kwamba karai hupata joto upesi kuliko ziwa, hivyo hupoteza maji zaidi.

Hatua ya tatu: Walinganishe picha. Rukwa ni ziwa la kina kifupi, na ukingo wake husogea sana. Picha huonyesha kwamba umesogea. Kujua sababu huhitaji pia vipimo vya mvua, joto na upepo.

Hatua ya nne: Mwalimu aeleze habari za Ziwa Viktoria. Mchana nchi kavu hupata joto kabla ya maji, na upepo huvuma kutoka ziwani. Usiku mambo hugeuka: pepo za nchi kavu hukutana juu ya maji, mvuke hupanda, na dhoruba huwakuta wavuvi kazini.

Tahadhari: Katika mazoezi fulani ya kufundisha niliyosimamia, daftari la darasa lilionyesha kwamba maji yalipungua Jumapili. Siku hiyo hakuna aliyefika shuleni, na usiku wake mvua isiyotazamiwa iliongeza maji katika karai. Wanafunzi walibuni tarakimu ili kumridhisha mwalimu wao. Tulizifuta, tukaiacha nafasi wazi, kisha tukajadili kwa nini nafasi hiyo ni bora kuliko tarakimu nzuri ya uongo.

Mvuvi anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa kabla ya kusukuma mtumbwi hutegemea vipimo vya watu asiowajua. Uaminifu wa namna hiyo huanza kufundishwa kwenye karai la shule.