Faili Lako Litafunguliwa na Nani? Maswali na Majibu Kuhusu Programu Huria za Ofisi Kwenye Linux

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kompyuta nyingi za steshenari, shule na ofisi ndogo za Songea zimebaki njia panda. Mashine ni nzima, ila Windows 11 inazikataa kwa sababu hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0 au prosesa zake ni za zamani. Wapo wanaoendelea kupigiwa Windows zilizovunjwa kufuli. Wengine wameamua kuwekewa Linux, na hapo maswali ya Word na Excel yanaanza. Majibu yafuatayo ni ya fundi ambaye kazi yake ni kuweka Linux na kuwafundisha wanaoitumia.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nimewekewa Linux Mint na Word siioni. Nipakue nini?

Marahaba, mwalimu. Usimalize bando lako kwanza. Linux Mint huja na LibreOffice ndani yake. Fungua menyu, andika Writer, utapata mahali pa kuchapa mitihani. Calc ndiyo ya kukokotoa alama na Impress ni ya slaidi. Kama umezoea vitufe vya Word vilivyopangwa juu kwa vichupo, nenda kwenye "View", kisha "User Interface", uchague "Tabbed". Mpangilio huo upo tangu toleo la 6.2 la mwaka 2019, lakini hauji ukiwa umewashwa, ndiyo maana wengi hudhani LibreOffice imebaki na sura ya zamani.

Kabla hujaamua kama itakufaa au la, jiulize mitihani yako inakwenda kwa nani. Ukiichapa na kuiprinti mwenyewe, safari yako imeishia hapo. Ukiituma kwa mwalimu wa taaluma anayetumia Word ili airekebishe na kukurudishia, soma swali la katibu muhtasi hapa chini.

Naona kuna OpenOffice na LibreOffice. Kijana mmoja aliniambia ni kitu kile kile. Ni kweli?

Zilizaliwa tumbo moja, ila maisha yao yametofautiana sana. Kampuni ya Sun Microsystems ilinunua programu ya Kijerumani iitwayo StarOffice mwaka 1999, na mwaka uliofuata ikaachia msimbo wake kwa umma kwa jina la OpenOffice.org. Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, waandaaji wengi waliingiwa na wasiwasi. Mwezi Septemba mwaka huo huo walianzisha taasisi yao, The Document Foundation, na kuuchukua msimbo huo kuutengenezea LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa Apache.

Tangu hapo LibreOffice hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka. OpenOffice imebaki kwenye namba 4.1 tangu mwaka 2014, ikipokea viraka tu. Kwa mtu wa Songea tofauti inayouma ni hii: OpenOffice inafungua faili la docx lakini haiwezi kulihifadhi kama docx. Utafungua barua uliyoletewa, utairekebisha, kisha utashindwa kumrudishia mwenzako katika umbo alilokuletea. Jina lake bado ni kubwa kuliko kazi yake. Iache.

Mimi ni katibu muhtasi. Barua nikiiandika kwenye LibreOffice na bosi akaifungua kwenye Word, saini inaangukia ukurasa wa pili. Nimekemewa. Nifanyeje?

Pole, dada. Hili ndilo lalamiko linalowarudisha wengi Windows, na mara nyingi chanzo chake ni fonti.

Kwa kawaida faili la barua halibebi fonti ndani yake, linabeba jina la fonti tu. Ukiandika kwa Calibri na kompyuta yako haina Calibri, Linux inaweka fonti nyingine mahali pake. Herufi zake zikiwa pana kidogo, mstari unavunjika mapema, aya inaongezeka mstari mmoja, na saini ya bosi inasukumwa chini. Dawa ni kuwa na fonti zilizopimwa kwa upana ule ule. Liberation inashika nafasi ya Times New Roman, Arial na Courier New, na kwa kawaida huja pamoja na LibreOffice. Carlito inashika nafasi ya Calibri, na Caladea ya Cambria. Kwenye Mint au Ubuntu tafuta fonts-crosextra-carlito na fonts-crosextra-caladea, uziweke. Ni mafaili madogo, na yamewaokoa makatibu wengi.

Kuna fonti moja ambayo bado haina mbadala wa namna hiyo: Aptos, ambayo Microsoft iliifanya fonti ya kawaida ya Office kuanzia mwaka 2023. Ofisini kwenu wakipata Office mpya, waombe waendelee na Times New Roman kwa barua. Wengi hawatabisha, kwa sababu barua za serikali zimezoeleka hivyo.

Chanzo cha pili nakitaja kwa upole. Ukisogeza "Kumb. Na." na tarehe kwa kubonyeza kitufe cha nafasi mara arobaini, hakuna programu duniani itakayozifikisha salama. Tumia tabo, au jedwali lisilo na mistari.

Ukishafanya yote hayo na barua bado inayumba, na kazi yako ni kupokezana docx na watu wa Word kutwa nzima, weka ONLYOFFICE. Imetengenezwa na kampuni iliyosajiliwa Riga, Latvia, na matoleo yake ya kompyuta ni huria, chini ya leseni ya AGPL. LibreOffice inafikiri kwa odt na kuitafsiri docx kila inapoifungua na kuihifadhi. ONLYOFFICE imejengwa juu ya docx, xlsx na pptx zenyewe, kwa hiyo majedwali, vichwa vya barua na maoni ya pembeni huwa yanafika yalivyo. Sura yake pia inafanana na Word kiasi kwamba bosi anaweza asigundue. Inakula RAM zaidi na inataka mfumo wa biti 64.

Barua ikishasainiwa na hakuna wa kuirekebisha tena, itume kwa PDF. LibreOffice ina kitufe chake juu kabisa.

Nina steshenari Majengo. Kompyuta moja ina RAM ya GB 2. Wateja wanaleta flashi zenye kila aina ya mafaili. Nichague ipi?

Wewe usichague, weka LibreOffice na ONLYOFFICE kwenye mashine yenye nguvu, na LibreOffice peke yake kwenye hiyo ya GB 2. Hujui flashi ijayo itakuwa na nini. Mwanachuo ataleta pendekezo la utafiti lililoandikwa kwa Word, hilo lipeleke ONLYOFFICE. Mama wa kamati ataleta kadi ya mchango wa harusi au ya kipaimara iliyotengenezwa kwa Publisher, na hapo ONLYOFFICE itakuangusha. LibreOffice Draw inafungua mafaili ya pub tangu mwaka 2013. Haiyahifadhi katika umbo hilo, na kadi yenye mapambo mengi inaweza kupinda, lakini maandishi na picha utavipata. Microsoft yenyewe imetangaza kuiacha Publisher Oktoba 2026, kwa hiyo ni vema uanze kuzihamisha kadi zako mapema.

Watakuambia uweke AbiWord na Gnumeric kwa sababu ni nyepesi. Ni kweli ni nyepesi, na Gnumeric ni hodari wa hesabu. AbiWord kwa docx za wateja itakutia aibu. Bora utafute RAM iliyotumika uongeze.

Mimi ni mhasibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima. Orodha za wakulima wa ufuta na soya ziko Excel. Nilipohamia Calc, tarehe za mauzo zimevurugika, na fomula nyingine zinaandika #NAME?. Nirudi Windows?

Subiri kidogo. Haya ni matatizo mawili tofauti.

Tarehe kwanza, maana ndilo la hatari. Linux yako inawezekana iliwekwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ukiandika 03/07/2025 ukimaanisha tarehe 3 Julai, Calc inaelewa Machi 7 na haikuambii kitu. Ukiandika 25/07/2025, mwezi wa 25 haupo, kwa hiyo inakuachia kama maneno na kuyasogeza kushoto mwa kisanduku. Basi ukiona safu moja ya tarehe, nyingine zimekaa kulia na nyingine kushoto, usizigawe kwanza kwa wiki za mnada. Nenda "Tools", "Options", sehemu ya lugha, ubadilishe "Locale" iwe Kiingereza cha Uingereza, kisha uandike upya tarehe za msimu huu ukizilinganisha na stakabadhi za ghala. Inachosha, ila malipo ya mkulima hayakadiriwi. Kwa shilingi, tengeneza muundo wako wa namba: "TSh "#,##0.

Hiyo #NAME? mara nyingi ni XLOOKUP. Calc iliipata kwenye toleo la 24.8 la Agosti 2024, na Mint 22 ilitoka na 24.2. Una njia mbili: weka LibreOffice mpya kwa Flatpak, au rudi kwenye VLOOKUP, ambayo itafunguka hata kwenye kompyuta ya zamani ya chama kikuu. Kwa AMCOS ningechagua ya pili, kwa sababu faili lile halikai kwako, linapanda ngazi.

Makro ndizo zinazoweza kukurudisha Windows kweli. LibreOffice inaendesha baadhi ya makro za VBA na kukwama kwenye nyingine. ONLYOFFICE haiziendeshi kabisa, yenyewe inatumia JavaScript. Kama fomu mnayoletewa haiendi bila makro, bakizeni kompyuta moja yenye Excel halali kwa ajili ya fomu hiyo tu.

Na WPS je?

Ni ya bure, inafungua docx vizuri, ni ya kampuni ya Kingsoft ya China. Si programu huria, msimbo wake umefungwa. Kama kwako hilo si hoja, itumie. Mimi siiweki kwenye ofisi inayotunza taarifa za watu wengine.

Naweza kupata vitufe kwa Kiswahili?

Unaweza, kwa sehemu. Tanzania ilianza jambo hili mapema: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, OpenOffice ya Kiswahili. LibreOffice ina tafsiri ya Kiswahili cha Tanzania, ila haijakamilika. Utakuta menyu nusu kwa nusu. Kwa mwanafunzi anayeanza, mchanganyiko huo unachanganya kuliko Kiingereza kitupu.

Kikagua tahajia kina faida zaidi. Weka hunspell-sw, kisha uiambie Writer kwamba maandishi ni ya Kiswahili. Kitapigia mstari mwekundu vitenzi vingi visivyo na kosa lolote, maana orodha ya maneno haiwezi kumaliza viambishi vyetu. Bonyeza kuviongeza kwenye kamusi yako na baada ya miezi michache kitatulia.

Umeme ukikatika kazi inapotea. Ipi inahifadhi vizuri?

Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kupitia laini ya Makambako na hali si ile ya enzi za majenereta, lakini kompyuta ya mezani isiyo na UPS haihitaji zaidi ya sekunde moja ya giza. LibreOffice huweka nakala ya dharura kila dakika 10. Nenda "Tools", "Options", "Load/Save", sehemu ya "General", uzipunguze ziwe 2.

Tuna kompyuta kadhaa ofisini. Tukiweka LibreOffice zote bila kulipa, mkaguzi akija tutakuwa na kosa?

Hapana. Leseni yake haihesabu kompyuta, na matumizi ya biashara yanaruhusiwa. Hata nakala uliyopewa na jirani kwenye flashi ni halali. ONLYOFFICE ya kompyuta nayo ni vivyo hivyo. Andika tu kwenye daftari la vifaa jina la programu, toleo lake na tarehe iliyowekwa, kwa sababu mkaguzi asiyeijua atauliza risiti.